Kwa Nini Pua ya Mama Hukauka?

Mwezi wa Januari vumbi jekundu la Kampala laingia kila dirisha, na mama wengi waliopita miaka 50 hulalamika kuwa pua imekauka, na pengine yatoka damu. Vumbi lina kosa lake, lakini si lote.

Ndani ya pua mna utando mwororo wenye mishipa mingi ya damu, na vinyweleo vidogo mno visukumavyo kamasi kwenda kooni. Utando huo huitikia homoni iitwayo estrojeni. Ndiyo maana wajawazito wengine huziba pua bila ya mafua. Hedhi ikikoma, estrojeni hupungua, na utando waweza kuwa mwembamba na mkavu. Mama akipewa dawa za homoni, yamkini ute ukarudi.

Lakini dawa hizo hazitolewi kwa ajili ya pua, bali kwa joto la ghafla na jasho la usiku, tena kwa shauri la daktari: mwaka 2002 uchunguzi mkubwa wa Marekani ulikatizwa, kwani estrojeni pamoja na projestini zilionekana kuongeza saratani ya matiti. Kwa ukavu mtupu, maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, husaidia. Damu ikitoka, mama aketi, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10. Asiinue kichwa nyuma, ingawa ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa utotoni.