Kuutembea Mji wa Lisbon kama Wenyeji

Mji mkuu wa Ureno ni Lisbon, mji wa vilima, uliojengwa kando ya mto Tagus karibu na pale uingiapo baharini. Wageni hufika huko kwa maelfu. Wengi wao hupanda gari la tramu namba 28, lipandalo vilima kwa kelele nyingi; husongamana humo hata pa kuweka mguu hapana, wengine wakaibiwa mifuko, kisha hushuka wakisema wameuona mji. Wenyeji wana njia bora, nayo ni miguu. Hiyo ndiyo twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu.

Na aanze mtu asubuhi mapema, maduka ya kahawa yafunguliwapo. Mwenyeji haketi. Husimama mbele ya meza ndefu ya muuzaji, akapewa kahawa nyeusi katika kikombe kidogo, mfano wa vile vya wauza kahawa wa Mombasa, akainywa kwa mafunda machache, akalipa, akaenda kazini. Hapo Mswahili akitega sikio atastaajabu, maana atasikia maneno ya kwao. Meza huitwa mesa, bendera ni bandeira, leso ni lenço, na mvinyo ni vinho. Maneno hayo yaliletwa pwani yetu na Wareno, baada ya Vasco da Gama kufika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Kaburi lake limo katika kanisa la Jerónimos, upande wa magharibi wa mji.

Lakini liko neno moja litupasalo kulifikiri zaidi. Kanisa kwa Kireno ni igreja, na kwetu neno hilo limekuwa gereza! Ndani ya Ngome ya Yesu kule Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, mlikuwa na kanisa. Yasemwa kwamba jina la nyumba ya sala lilienea ngome nzima, hata likaishia kwa wafungwa. Sisi twaona neno hili moja laeleza habari za utawala ule kuliko vitabu vingi.

Tukitoka dukani twateremka mpaka Baixa, yaani mtaa wa Bondeni. Njia za hapa zimenyoka kama mistari ya daftari, na baadhi zina majina ya kazi za watu: njia ya fedha, njia ya dhahabu, njia ya washona viatu. Unyofu huo chanzo chake ni msiba. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani asubuhi na mishumaa imewashwa, nchi ilitetemeka. Wengi waliokimbilia ukingo wa mto walifikiwa na maji ya bahari yaliyopanda, na nyuma yao moto ukauteketeza mji siku kadha wa kadha. Wakafa maelfu kwa maelfu. Ndipo waziri wa mfalme, ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, akaamuru mji ujengwe upya. Ndani ya kuta za nyumba mpya mafundi wakatia miti iliyokingamana, mfano wa tundu la ndege, ili nyumba ikitikiswa iyumbe isianguke. Kanisa la Carmo, lililo juu ya kilima, liliachwa bila paa, na ndivyo lilivyo hata leo. Mtu husimama kati ya nguzo zake akaona mbingu.

Mtaa wa Alfama uliokoka kwa sehemu kubwa. Jina lake latoka katika Kiarabu, nalo ni habari ya chemchemi za maji moto, kwa kuwa Waislamu waliutawala mji mpaka mwaka 1147. Vichochoro vyake ni vyembamba kama vya Lamu, wala ramani haifai kitu. Ukipotea, teremka tu. Mto uko chini. Usiku wa tarehe 12 Juni watu huchoma samaki milangoni kwa ajili ya Mtakatifu Antonio, aliyezaliwa katika mji huu, ingawa ulimwengu humwita wa Padua. Siku hizo huuzwa vyungu vya mrehani wenye majani madogo. Mwenyeji haunusi kwa pua. Huupitishia kiganja juu yake, kisha akanusa kiganja. Mgeni aingizaye pua hujulikana mara moja.

Lakini je, milango hiyo ni ya nani sasa? Nyumba nyingi za Alfama zimegeuzwa malazi ya wageni, na wazee waliopanga humo miaka mingi wamehamishwa. Mwaka 2018 baraza la mji lilisimamisha vibali vipya vya malazi hayo katika Alfama na mitaa mingine ya kale. Kwa hiyo twashauri mgeni alale katika hoteli iliyojengwa kuwa hoteli, asiburute sanduku la magurudumu juu ya mawe usiku, na aseme bom dia kabla ya kuuliza neno lolote. Chakula akitafute pale ambapo vyakula vya siku vimeandikwa kwa mkono juu ya karatasi.

Siku ya Jumanne au Jumamosi aende nyuma ya kanisa la São Vicente, kwenye soko la vitu vya kale liitwalo Feira da Ladra. Kitasa au sahani chakavu yaweza kununuliwa kwa furaha. Vigae vya rangi vya kale aviulizie kwanza vimetoka wapi, kwa sababu vingine vimebanduliwa usiku katika kuta za nyumba za watu.