Joto la Kompyuta Mpakato Iliyozeeka

Kompyuta mpakato iliyotumika miaka mingi inapoanza kuchoma mapaja, feni yake ikavuma bila kupumzika na hata waraka mfupi ukachelewa kufunguka, wenye nayo wengi huamua kwamba imekwisha, ilhali mara nyingi kilichochoka ni njia ya kutolea joto tu.

Joto hilo hutoka hasa kwenye kichakataji, yaani kipande cha silikoni kinachofanya hesabu za mashine, kwa kuwa karibu umeme wote kinaoutumia huishia kuwa joto. Juu yake hulazwa bomba bapa la shaba lenye kimiminika kidogo ndani, ambacho hugeuka mvuke upande wa moto, kikasafiri hadi kwenye mapezi membamba ya metali, na huko hewa ya feni hukipoza kikarudi kuwa kimiminika. Kati ya kichakataji na shaba hupakwa pesti, utando unaoziba vijinafasi vya hewa, kwa sababu hewa hupitisha joto kwa shida sana. Miaka inapopita pesti hukauka, na vumbi lenye nyuzi za nguo hugandamana baina ya feni na mapezi kama blanketi. Kichakataji kinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi ili kisiungue, na uzito huo ndio mtumiaji anaoudhania kuwa uzee.

Wanunuzi wa kompyuta za mtumba, ambazo nyingi zimekwisha kutumika ofisini ng'ambo kabla ya kufika Afrika Mashariki, wangefanya vyema kumpa fundi azifungue mapema. Mashine huzimwa, betri ikatenganishwa, feni ikashikwa isizunguke wakati wa kupuliza kwa blowa, kisha pesti kuukuu ikafutwa kwa spiriti na kupakwa mpya kidogo. Kupuliza kutoka nje bila kufungua kifuniko mara nyingi husukuma vumbi ndani zaidi. Mashine iwekwe mezani, si juu ya godoro linaloziba matundu, hasa katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, ambako hewa ya chumba yenyewe hupita nyuzi 30, na feni haiwezi kupoza kitu chini ya joto la hewa inayoivuta.

Linalotaka haraka kuliko yote ni betri, ambayo joto huizeesha na wakati mwingine kuivimbisha kwa gesi inayoweza kuwaka. Sehemu ya kuandikia ikiinuka, mashine izimwe, isichajiwe tena, na betri ikabidhiwe fundi bila kutobolewa, kukandamizwa wala kutupwa jalalani.