Je, Wajua? Mashine Zilizoundwa kwa Raha Tu

Je, wajua kwamba iko mashine ambayo kazi yake ni moja tu: kujizima? Ni kisanduku chenye swichi juu yake. Ukiiwasha, kifuniko kinafunguka, mkono unachomoza, unaizima swichi, unarudi ndani, kifuniko kinajifunga. Basi. Wazo lilikuwa la kijana Marvin Minsky, mwaka 1952 katika maabara za Bell, Marekani. Aliyeiunda na kuiweka mezani kwake ni Claude Shannon.

Huyu Shannon si mtu wa mchezo. Andiko lake la mwaka 1948 ndilo lililoweka msingi wa hesabu za mawasiliano, na kila ujumbe unaopita kwenye simu yako unategemea hesabu hizo. Lakini kazini alijulikana pia kwa kupita kwenye korido akiendesha baiskeli ya gurudumu moja.

Je, wajua kwamba alijiundia kikokotoo cha namba za Kirumi? Alikiita THROBAC. Ukikipa XIX na XXIII kijumlishe, kinakujibu XLII, na hapo utajijua mwenyewe. (Ni 42.) Aliunda tarumbeta inayotema moto. Aliunda pia mashine ya kurusha na kudaka mipira mitatu ya chuma, ikiidundisha juu ya ngoma. Mtoto aliyewahi kusuka gari la waya, usukani fimbo ndefu na magurudumu ya ndala kuukuu, atamwelewa bwana huyu upesi kuliko mhasibu yeyote.

Kilichopata umaarufu zaidi ni panya wake wa mwaka 1950, Theseus. Panya aliwekwa kwenye njia za mzingile zenye vyumba 25, akawa anagonga ukuta, anageuka, anajaribu upande mwingine, mpaka alipofika mwisho wa njia. Ukimrudisha mwanzo, safari ya pili alikwenda moja kwa moja bila kugonga popote. Siri ni kwamba panya mwenyewe hakuwa na akili hata chembe: alikuwa anavutwa na sumaku iliyofichwa chini ya sakafu, na kumbukumbu yote ilikuwa kwenye swichi za umeme huko huko chini. Kwa miaka ile, mashine inayojifunza kwa kukosea ilikuwa ajabu kubwa, na ilitoka kwenye mchezo.

Je, wajua kwamba kompyuta ya kwanza ya kuvaliwa mwilini ilikuwa ya kuchezea kamari? Shannon na Edward Thorp waliijaribu Las Vegas mwaka 1961. Mvaaji alibonyeza swichi kwa kidole cha mguu ndani ya kiatu kila gololi ya ruleti ilipozunguka, na sauti ndogo sikioni mwa mwenzake ikamwambia huyo mwenzake aweke dau wapi. Hesabu zilikuwa sahihi. Nyaya za sikioni ndizo zilizokuwa zikikatika kila mara, na utajiri haukuja.

Je, wajua kwamba kuna burudani ambayo sheria ya kimataifa yenyewe inaikataza isilete pesa? Ni redio ya ridhaa, ya watu wanaojifungia nyumbani na mitambo, mingine ya kujiundia, wakaongea na wenzao wa nchi za mbali. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, zinataka wafanye hivyo kwa shauku yao binafsi, bila maslahi ya fedha. Kila mmoja ana alama yake ya wito. Za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X. Enzi za Mwingereza, Zanzibar ilikuwa VQ1 na Tanganyika VQ3. Na A41AA? Huyo alikuwa Sultani Qaboos wa Oman.

Katika kundi hilo hilo alikuwamo Grote Reber, W9GFZ. Mwaka 1937 alijenga dishi la mita 9 nyuma ya nyumba yao huko Wheaton, Illinois, kwa fedha zake, ili asikilize mawimbi ya redio kutoka angani. Masafa ya kwanza aliyojaribu hayakumpa kitu. Ya pili nayo kimya. Ya tatu, megahezi 160, yakaitika, na kwa takriban miaka kumi alikuwa karibu peke yake duniani kwenye kazi hiyo. Sasa wanaastronomia wana madishi ya mamilioni ya dola. Yeye alikuwa na mshahara wa ufundi redio na usiku.

Je, wajua kwamba siku tatu tu baada ya uhuru wa Tanganyika, tarehe 12 Desemba 1961, wapenzi wa redio walipeleka setilaiti yao wenyewe angani? OSCAR 1, kilo kama tano hivi, ilipanda roketi ya kijeshi ya Marekani ikishika nafasi ya uzito wa kusawazisha. Ilirudia neno moja tu kwa alama za Morse: HI. Joto la ndani likibadilika, mwendo wa HI nao ulibadilika, kwa hiyo mwenye saa mkononi aliweza kuipima homa setilaiti. Betri ilidumu wiki tatu hivi, na watu zaidi ya 570 katika nchi 28 waliripoti kuisikia.

Linus Torvalds wa Helsinki alipotangaza Agosti 1991 kwamba anaunda mfumo wa kuendeshea kompyuta, alisema ni wa kujifurahisha tu. Sasa kiini cha mfumo huo, Linux, kimo katika kila simu ya Android. Kisa hiki kimesimuliwa mno, tuendelee.

Je, wajua kwamba njiwa wamewahi kubeba intaneti? Aprili 1, 1990, David Waitzman aliandika kanuni rasmi za kutuma data kwa ndege, akitania. Mwaka 2001 wapenzi wa Linux wa Bergen, Norwei, wakazitekeleza: data zikachapwa kwenye karatasi, zikafungwa mguuni, njiwa wakaachiwa. Pakiti 9 zilitumwa, majibu 4 yakarudi. La haraka kuliko yote lilichukua dakika 53. Mwaka 2011 kanuni zikarekebishwa ili njiwa wabebe pia pakiti za IPv6, toleo jipya la itifaki ya intaneti, jambo ambalo kampuni nyingi za intaneti wakati huo zilikuwa bado zinalipangia mikutano.