Kusahihisha Sauti Nne kwa Jicho na kwa Koo

Zoezi la kupanga sauti nne za kwaya huonekana rahisi kulisahihisha. Mwanafunzi hupewa wimbo wa soprano, kisha hutakiwa kuujazia alto, tenori na besi. Kanuni ziko kitabuni: msahihishaji hupitisha kalamu nyekundu, huhesabu makosa, hupunguza alama. Kumbe makosa ya sauti nne hayalingani uzito, na mara nyingi matatu yanayoonekana ni moja lililozaa wenzake.

Tuangalie hatua moja tu. Soprano iko fa, inashuka hadi re. Mwanafunzi kachagua kodi ya fa (fa, la, do) ifuatwe na kodi ya so (so, ti, re), na hapo hajakosea. Besi kaipandisha kutoka fa hadi so, alto kutoka la hadi ti, tenori kutoka do hadi re. Sauti tatu zimepanda ngazi mojamoja, na kwenye karatasi zinapendeza. Lakini kati ya besi na tenori palikuwa na umbali wa tano, fa na do, na baada ya hatua hiyo umbali ni uleule, so na re. Hizo ndizo tano sambamba, kosa linalosakwa kuliko yote. Noti zilizoachana kwa tano au kwa nane huyeyukiana sana. Zikitembea pamoja, sikio huacha kuzitenganisha, na kwaya ya sauti nne husikika kana kwamba ina tatu.

Mwanafunzi akirudishiwa daftari lenye duara jekundu, hurekebisha palepale palipozungushiwa. Anaishusha tenori, do hadi ti. Tano sambamba zimekwisha, ila alto nayo ilikwishapanda hadi ti, na sasa kodi ina ti mbili. Ti ndiyo noti yenye haraka ya kwenda do kuliko zote. Zikiwa mbili, zote zitadai kupanda, na nane sambamba zinabisha hodi. Dawa ni kuishusha alto pia, la hadi so, tenori ibaki ti, besi peke yake ipande. Msahihishaji aliyeandika ukingoni “besi ikipanda hapa, wengine washuke” amesaidia kuliko mwenye maduara matatu. Na alama akate mara moja tu, pale kosa lilipoanzia.

Kosa la namna hii huonekana zaidi kwa anayesoma ukurasa kwa mlalo, sauti moja baada ya nyingine, kabla ya kuzihakiki kodi kwa wima. Alto iimbwe peke yake, hata kwa kunong’ona. Kama inakaa kwenye noti ile ile vipimo vinne kisha inaruka ghafla hadi pasipoimbika, aliyeiandika alikuwa anajaza nafasi. Johann Sebastian Bach alilijua hili. Mwanawe Carl Philipp Emanuel alieleza katika barua ya mwaka 1775 kwamba wanafunzi wa baba yake walianza moja kwa moja na sauti nne: mwanzoni mwalimu aliandika besi mwenyewe, wao wakatunga alto na tenori, baadaye ndipo walipoachiwa besi.

Mwanafunzi mjanja atauliza: mbona mabingwa nao walivunja kanuni? Swali ni halali. Johannes Brahms alikusanya kwa mkono wake mifano zaidi ya 100 ya tano na nane kutoka kazi za watunzi wakubwa, akaipima ipi inafaa na ipi haifai. Daftari lake lilichapishwa Vienna mwaka 1933. Alichotafuta ni sababu. Msahihishaji naye amuulize mwanafunzi ya kwake, na “sikuiona” si sababu.

Swali jingine linatuhusu zaidi. Wagogo wa Dodoma huimba sauti zinazoandamana kwa umbali wa nne na tano, na uimbaji wao ni wa kupendeza mno. Kwa hiyo tano sambamba si dhambi ya muziki kwa jumla. Ni kosa katika mtindo wa kwaya wa Ulaya ya karne ya 18, ambao ndio zoezi limeuomba. Mwalimu asiyelisema hilo waziwazi humfanya kijana wa Dodoma adhani bibi yake anakosea kuimba.

Sauti zilizopishana, au alto na tenori kuachana zaidi ya nane, ni makosa mepesi. Kosa zito ambalo vitabu vya nje havilitaji hujitokeza pale zoezi linapokuwa na maneno ya Kiswahili. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mwanafunzi akiweka “te” ya “asante” kwenye pigo zito, na noti ya juu kabisa, kodi zinaweza kuwa safi zote na wanakwaya bado wakajikwaa. Alama za maneno zitengwe kabla ya kusahihisha kuanza, na mwanafunzi aambiwe mapema ni ngapi.