Chanjo imeshapita, bega bado linauma

Karibu kila mtu mzima wa huku kwetu amewahi kuumwa mkono baada ya chanjo. Mama mjamzito aliyechomwa ya pepopunda kliniki, binti aliyechanjwa shuleni kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi, hujaji aliyepata ya homa ya uti wa mgongo kabla ya safari ya Makka, wote wanaijua ile hali ya kuamka asubuhi mkono mzito. Muuguzi huwa ameshasema mapema, "Utauma kidogo, ni kawaida," na kwa walio wengi huwa kweli. Wapo wachache, hata hivyo, ambao wiki inapita, mwezi unapita, na bado hawawezi kufunga kilemba wala kuvaa shati bila kusaidiwa. Wakirudi kituoni huambiwa yataisha. Wakiwauliza majirani huambiwa chanjo ilikuwa na sumu. Hakuna jibu kati ya hayo linalowasaidia, na yote mawili yanaruka swali la kwanza: sindano iliingia wapi?

Msuli unaopokea chanjo kwa mtu mzima ni ule mnene unaofunika bega kwa nje. Dawa ikiingia humo, chembe za kinga hukimbilia pale, mishipa midogo ya damu hutanuka, maji hujaa, nyama hukakamaa. Chanjo ya pepopunda na ile ya saratani ya mlango wa kizazi (HPV) zina chumvi za alumini zilizowekwa makusudi ili kinga iamke vizuri, na hilo huchangia mkono kuuma. Maumivu ya namna hii huanza saa chache baada ya sindano, hukolea siku ya kwanza na ya pili, kisha hupungua yenyewe. Ukibonyeza palipochomwa panauma, lakini mkono, ukijikaza kidogo, unainuka mpaka juu ya kichwa. Alama hiyo ya mwisho ndiyo ya kuishika.

Yapo mengine yanayotisha na kupita. Tezi za kwapani huweza kuvimba upande uliochanjwa. Wakati wa UVIKO-19, baadhi ya waliopata chanjo ya Moderna walitokwa na doa jekundu lenye kuwasha kwenye mkono yapata wiki moja baadaye, likafifia baada ya siku chache. Na mtoto mchanga aliyechanjwa BCG kuzuia kifua kikuu hupata kipele kinachogeuka kidonda kidogo wiki kadhaa baadaye, kisha kovu. Hakihitaji kukamuliwa wala kupakwa chochote.

Sasa tuliangalie bega lenyewe. Pitisha kidole juu ya mtulinga kutoka shingoni kwenda nje mpaka ufike kwenye ncha ya mfupa wa bega. Chini ya ncha hiyo zinapita kano za misuli midogo inayozungusha mkono, na juu ya kano hizo kumelazwa kifuko chembamba chenye ute, kinachofanya kazi ya grisi kwenye bawaba ya mlango. Kifuko hicho hakiishii pale juu; hushuka chini ya msuli kwa sentimita kadhaa. Ndiyo maana wachanjaji hufundishwa kupima upana wa vidole viwili au vitatu kutoka kwenye ncha ya mfupa, ndipo wachome, sindano ikiwa imesimama wima juu ya ngozi. Wakipanda juu zaidi, dawa huweza kuingia kwenye kifuko au kwenye kano. Wakishuka sana wanaikaribia mishipa ya fahamu ya mkono.

Kosa hilo hutokea kirahisi kuliko tunavyodhani. Foleni ni ndefu, mchanjaji amesimama tangu asubuhi, anayechanjwa ameketi. Amevaa gauni lenye mikono ya kubana, au sweta la shule, au baibui. Badala ya kuutoa mkono wote nje, anavuta nguo kutoka shingoni, na kinachoonekana ni kipande cha juu tu cha bega. Mchanjaji anachoma palipo wazi. Naye kwa kuwa amesimama analitazama bega kutoka juu, jicho linamdanganya kwamba yupo katikati ya msuli kumbe yuko kwenye ncha. Mtu akiwa mwembamba, sindano ya milimita 25 inayowafaa watu wazima wengi huweza kuupita msuli wake na kufika kwenye mfupa.

Chanjo imetengenezwa ili ichokoze kinga. Ndani ya msuli wenye damu nyingi uchokozi huo huisha haraka. Ndani ya kifuko cha ute, dawa hukaa karibu na kano, na ikiwa mtu alishawahi kuchanjwa chanjo hiyo hiyo, mwili wake una askari walio tayari. Hapo uvimbe huweza kuwa mkubwa na wa muda mrefu. Haya ndiyo maelezo ambayo wataalamu wengi wanayakubali leo.

Mwaka 2006 nchini Marekani, madaktari Bodor na Montalvo walieleza habari za wagonjwa wawili walioumia bega baada ya kuchomwa juu mno. Mwaka 2010 Atanasoff na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 13 wa aina hiyo. Kwa walio wengi maumivu yalianza ndani ya siku moja, na wengi waliendelea kuumwa kwa zaidi ya miezi sita. Mwaka 2017 serikali ya Marekani iliingiza jeraha hili kwenye orodha ya madhara yanayolipwa fidia, kwa sharti kwamba maumivu yawe yameanza ndani ya saa 48 na yawe ya bega lile lile lililochomwa. Je, hutokea mara ngapi? Uchunguzi wa huko huko, uliofuatilia watu zaidi ya milioni 2.9 waliochanjwa mafua katika msimu wa 2016 na 2017, ulikadiria kuvimba kwa kifuko cha bega kunakotokana na sindano kuwa watu karibu 8 katika kila milioni moja.

Ni wachache sana. Lakini mmoja kati yao akiwa ni msusi, fundi rangi au mama wa kuchota maji, maisha yake yamesimama. Kwa maoni yangu kituo kinachomwambia mtu huyo "ni mawazo yako tu" kinaidhuru chanjo kuliko uvumi wowote wa mtaani, maana yeye anajua bega lake linauma. Ukweli ni mwepesi kuusema: dawa haikuwa na kasoro, iliwekwa mahali pasipo pake, na bega linatibika.

Si kila bega linaloanza kuuma baada ya chanjo limeumizwa na chanjo. Watu wengi waliovuka miaka 60 wana kano zilizochakaa au kuchanika bila wao kujua, na siku ya sindano huwa ndiyo siku ya kwanza ya kulitazama bega kwa makini. Tarehe ndiyo husaidia kupambanua. Yaliyoanza siku ile ile au kesho yake yanaelekeza kwenye sindano. Yaliyoanza wiki ya tano yana chanzo kingine. Jipu nalo lina dalili zake: wekundu unaotanuka badala ya kupungua, joto, usaha, homa inayoanza siku kadhaa baadaye. Hilo linahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Mtu akipigwa na maumivu makali ya bega yasiyompa usingizi, kisha baada ya siku au wiki chache mkono ukalegea na misuli ikaanza kunywea, huenda ni uvimbe wa mtandao wa mishipa ya fahamu wa bega, ugonjwa ambao Parsonage na Turner waliueleza mwaka 1948. Huweza kufuata maambukizi, upasuaji, na kwa nadra chanjo. Na maumivu ya mkono wa kushoto yanayokuja na kubanwa kifua, jasho na kukosa pumzi yasisingiziwe sindano hata mara moja. Huo huenda ni moyo, na kila dakika ina thamani.

Tuje kwenye kuishi na bega lenyewe. Siku mbili tatu za mwanzo, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na parasetamoli vinatosha. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki hupunguza uvimbe vizuri, lakini mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo dhaifu na mjamzito wasizinywe bila kuuliza. Mkono usifungwe shingoni kwa kitambaa siku nzima. Bega likikaa bila kutumika, utando unaolizunguka husinyaa na kuganda, na kuligandua ni kazi ya miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Mwenye kisukari awe macho zaidi, maana mabega ya watu wa kisukari huganda upesi.

Kwa hiyo lichezeshwe taratibu. Simama kando ya meza, egemea kwa mkono mzima, inama mpaka mkono unaouma uning'inie wenyewe bila kukazwa. Yumbisha kiwiliwili ili mkono ufuate: mbele na nyuma, kisha kando, kisha miduara midogo. Dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Ukizoea, simama mbele ya ukuta, weka vidole kwenye ukuta usawa wa kiuno, vitembeze kupanda mpaka pale maumivu yanapoanza kukataza, shusha pole pole. Weka alama ya penseli pale ulipofika. Baada ya wiki utajua kama unapanda au umekwama. Usiku lala ubavu wa pili na mto chini ya mkono mbaya.

Kuchuliwa kwa nguvu kuache, na chale ziache kabisa: wembe kwenye bega lililovimba hufungua njia ya wadudu.

Ikiwa wiki mbili zimepita na mkono bado hauinuki, usingoje zaidi. Nenda ukaonane na daktari. Mwambie mambo manne: chanjo gani, tarehe gani, mkono upi, na maumivu yalianza saa ngapi baada ya sindano. Kadi ya chanjo ichukue. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, na kwa jeraha hili mara nyingi hutoka safi. Ultrasaundi au MRI ndizo zinazoonyesha kifuko kilichovimba na kano zilizoathirika, na ultrasaundi inapatikana katika hospitali nyingi. Matibabu ni yale yale ya bega lililovimba kwa sababu nyingine: mazoezi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, dawa za uvimbe, na ikibidi sindano ya steroidi ndani ya kifuko, ambayo kwa mwenye kisukari hupandisha sukari kwa siku kadhaa na hivyo apime mara kwa mara. Upasuaji huwahusu wachache.

Kituo kilichokuchanja pia kipewe taarifa, hata kama hutaki kumlaumu mtu. Nchini Tanzania taarifa za madhara ya dawa na chanjo hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na nchini Kenya na Bodi ya Dawa na Sumu. Taarifa tatu zinazotoka zahanati moja huweza kuonyesha kwamba mchanjaji anahitaji kukumbushwa kile kipimo cha vidole.

Chanjo inayofuata usiikimbie kwa sababu ya bega. Vaa nguo ya mkono mpana au inayofunguka mbele, toa mkono mzima nje, na mwombe mchanjaji aketi nawe usawa mmoja. Mweleze yaliyokupata. Toa mkono mwingine, au mwulize kama anaweza kukuchoma kwenye paja, kwa upande wa nje katikati. Kwa chanjo nyingi za msuli hapo pia panakubalika, hata kwa mtu mzima.