Tusimnyime Maji Mtoto Anayehara

Juma lililopita nilimkuta mtoto wa jirani amelala hoi, macho yamedidimia, midomo imekauka. Nilipouliza kwa nini hapewi maji, nyanya yake alinijibu kwa upole, "Mwanangu, akinywa ataharisha zaidi." Kauli hiyo, msomaji mpendwa, nimeisikia tangu utotoni, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo.

Bakteria waletao maradhi haya hawadhuru kwa kupita tu. Utumbo husukuma vilivyomo usiku na mchana, na asiyejishikiza huchukuliwa na mkondo. Wengi wa bakteria waitwao E. coli huishi tumboni mwetu kwa amani. Lakini wapo miongoni mwao wenye vinyweleo vyembamba, ambavyo kwavyo hung'ang'ania ukuta wa utumbo mwembamba mithili ya kupe sikioni mwa ng'ombe. Wakishashika huzaana, kisha hutoa sumu inayoulazimisha utumbo kumwaga maji na chumvi za mwili.

Kwamba balaa huanza kwa kushika si dhana tupu. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Uingereza walibaini kuwa baadhi ya vitoto vya nguruwe havikuugua vilipoambukizwa bakteria wenye vinyweleo vya aina ya K88. Kuta za matumbo yao hazikuwa na mahali pa vinyweleo hivyo kushika.

Basi yale maji yanayomtoka mtoto hayatoki kikombeni. Yanatoka mwilini mwake. Kumnyima kinywaji hakumng'oi mdudu aliyekwisha kushika, bali humkausha mtoto. Jambo la kushukuru ni kwamba sumu hiyo haiufungi mlango ambao sukari na chumvi hupitia pamoja kuingia mwilini, zikiyavuta maji nyuma yake. Ikikosekana pakiti ya dawa ya zahanati, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, vitafaa wakati mtoto akipelekwa kwa mganga. Anyonyeshwe pia, kwani maziwa ya mama yana kinga ziwezazo kuwazuia bakteria wasishike.

Mtoto yule tulimnywesha kijiko kwa kijiko hadi zahanati, na amepona. Simlaumu nyanya yake, kwani alitenda alivyofunzwa. Lawama ni yetu sisi tuliosoma, tukajua, tukanyamaza.