Kushoto, Mwanangu, Kushoto! Baiskeli katika Njia za Bwera na Kasese

Mwezi huu ukurasa wetu unaongea juu ya kitu ambacho karibu kila nyumba inacho, au inakitamani, au inakiazima kwa jirani: baiskeli. Sisi tuliotoka Kongo tunaiita kinga. Waganda wengi wanasema gaali. Kitu ni kimoja tu: magurudumu mawili, na tumbo la familia nzima limepanda juu yake.

Tumechukua mfano wa Kasese na Bwera kwa sababu wengi wetu tulipitia kule tulipovuka mpaka wa Mpondwe, na wengine bado tuna ndugu huko wanaotafuta maisha kwa baiskeli. Lakini mafundisho haya yanafaa hata hapa kambini, kwenye njia ya sokoni na ya kisimani.

Siku kijana wetu alipoanguka

Mimi nilifika Bwera na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 15. Tulipanga chumba kimoja. Yeye akapata kazi ya kubebea watu ndizi na mihogo kwa baiskeli ya kuazima. Jioni anamlipa mwenye baiskeli, kinachobaki tunanunua unga. Siku tatu za kwanza zilienda vizuri, nikasema basi, Mungu ametuona.

Siku ya nne asubuhi alikuwa anateremka kwenda Mpondwe. Alishika upande wa kulia, vile alivyozoea kwetu tangu utoto. Mbele yake likatokea lori. Kijana akafanya kama kila mtu wa Kongo angefanya: akajisogeza zaidi kulia ili lipite. Kumbe lori nalo lilikuwa kwenye kushoto kwake, ndiyo upande uleule! Dereva akapiga honi na kukanyaga breki. Mtoto akajitupa mtaroni pamoja na ndizi zote.

Mama mmoja aliyekuwa anauza ovakado kando ya njia ndiye alimwinua. Akamwambia, "Pole, mwanangu. Huku si Kongo. Huku ni kushoto, mwanangu, kushoto!"

Mkono ulivunjika. Alikaa na plasta wiki sita. Wiki sita hakuna kazi, na juu yake mwenye baiskeli anataka alipwe rimu iliyopinda. Unga tulianza kukopa. Yote hayo kwa sababu hakuna mtu aliyetuambia neno moja pale darajani.

Daraja moja, sheria mbili

Mto Lhubiriha unatenganisha Mpondwe ya Uganda na Kasindi ya Kongo. Ukisimama darajani unaona watu ni walewale, lugha ni ileile, Wakonzo huku na Wanande kule wanasikilizana bila shida. Lakini vitu viwili vinabadilika.

Cha kwanza ni njia. Uganda ilitawaliwa na Waingereza, na vyombo vyote vinapita kushoto. Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji, vinapita kulia. Na si Wakongo peke yetu tunaopata shida. Rwanda ni kulia, Burundi ni kulia, Sudan Kusini ni kulia, Somalia ni kulia. Angalieni basi: karibu kila mkimbizi aliyeko Uganda alizaliwa katika nchi ya kulia na sasa anaishi katika nchi ya kushoto.

Cha pili ni saa. Mashariki ya Kongo iko nyuma ya Uganda kwa saa moja nzima. Jua likizama Bwera, saa ya Uganda inasema saa moja jioni, na pale ng'ambo inasema saa kumi na mbili. Mtu mwenye saa ya Kongo mkononi anadhani bado ana muda wa kufika, kumbe giza linamkuta njiani. Na kwetu kwenye ikweta giza halibishi hodi. Likianza, limekwisha ingia.

Wala tusidhani upande mmoja ni wa haki na mwingine ni wa makosa. Nchi ya Sweden ilikuwa inapita kushoto, halafu tarehe 3 Septemba 1967 nchi nzima ikahamia kulia kwa siku moja. Ni mapatano ya watu tu. Lakini mtu mmoja akiyavunja, anaumia.

Kwa hiyo shikeni haya, na muwaambie watoto:

- Ukiwa juu ya baiskeli Uganda, pita kushoto, upande mmoja na magari yanayokwenda unakokwenda.
- Ukiwa kwa miguu na hakuna njia ya pembeni, tembea kulia, ili uone gari linalokuja usoni kwako.
- Ukitaka kuvuka, angalia kulia kwanza, halafu kushoto, halafu kulia tena. Mtoto aliyefundishwa Kongo anaangalia kushoto kwanza, na gari la kwanza kumfikia linatoka kulia.

Njia zenyewe

Mji wa Kasese umekaa chini ya milima ya Rwenzori, kwenye tambarare yenye joto. Ulikua na reli iliyofika pale mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Kwa sababu mji ni tambarare, baiskeli inatembea vizuri: fundi anaenda kazini, mama anatoka sokoni, mwanafunzi anaenda shule. Ukiwa na kazi ndogo mjini, baiskeli inakuokolea nauli kila siku, na nauli ya mwezi mmoja si kitu kidogo kwa nyumba ya mkimbizi.

Njia ya kupanda Kilembe ni habari nyingine. Kwenda unasukuma, kurudi unashuka kama jiwe. Hapo ndipo breki inapimwa. Wazee wa kule wanashuka polepole, wakifika penye mteremko mkali wanatelemka na kuishika baiskeli kwa mkono. Hakuna aibu. Aibu ni kufika chini bila meno.

Kutoka Kasese hadi mpakani ni zaidi ya kilomita 50. Unashuka kusini hadi Kikorongo, penye alama ya ikweta, halafu unakata kuume kwenda Kinyamaseke na Bwera. Sehemu ya njia hiyo inapita katika mbuga ya Queen Elizabeth. Tembo na nyati hawajui kengele ya baiskeli. Ukiwaona njiani, simama mbali, ngoja na wenzako, usijaribu kupita katikati yao, wala usipite hapo jioni au alfajiri. Safari ndefu namna hiyo, ni heri kupandisha baiskeli juu ya gari.

Neno moja kwa sisi wenye kadi ya ukimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa ruhusa ya kufanya kazi na kutembea, lakini kuna masharti. Ukitoka kambini, beba kadi yako na uulize ofisi kama unahitaji karatasi ya safari. Na usivuke kurudi ng'ambo kwa ajili ya soko bila kuuliza kwanza. Inaweza kukuletea maswali juu ya ukimbizi wako.

Mzigo na vyombo

Vijana wengi hawajui kwamba boda boda ilianza na baiskeli. Ilikuwa Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, watu wakibebwa kutoka boda moja hadi boda nyingine. Ndipo jina likatoka. Pikipiki zilikuja baadaye sana. Na kule kwetu Kivu tuna chukudu ya mbao, inayobeba magunia ya viazi na makaa. Kwa hiyo kubeba tunajua. Kusimamisha ndiko kunatushinda.

Jerikani moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Ukifunga tatu, ni kilo 60, ni kama umebeba mtu mzima asiyejua kushuka baiskeli ikianguka. Anza kufunga breki mapema. Mzigo ukae chini na katikati, uzito sawa pande zote mbili. Funga na mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, kwa sababu inavuta na haifunguki ovyo kama kamba. Angalia ncha isining'inie karibu na spoku.

Kila asubuhi kabla ya kutoka, dakika tano tu:

- Bonyeza tairi kwa kidole gumba. Likilegea, pampu.
- Vuta breki zote mbili ukisukuma baiskeli. Gurudumu lisimame.
- Tikisa usukani na pedali. Kinachocheza, kaza.
- Mnyororo uwe na mafuta kidogo, usiwe na mchanga.
- Kengele ilie.

Ukipata uwezo, nunua vitu hivi kwa mpango huu: breki mpya kwanza, halafu kioo chekundu cha kung'aa nyuma, halafu tochi ya mbele, halafu kofia ngumu. Nguo nyeupe usiku haina bei, kila mtu anayo.

Mvua, jua, na baridi ya ng'ambo

Kasese haina majira ya baridi. Theluji tunaiona kwa mbali tu, juu ya Margherita, mita 5,109, asubuhi mawingu yakifunguka. Majira yetu magumu ni mvua: Machi hadi Mei, na tena kuanzia Agosti hadi Novemba. Rimu ya chuma ikilowa, breki inateleza kama sabuni. Vuta kidogo kidogo kabla ya kufika penye hatari ili kuifuta maji. Unga na karatasi zako vifunge ndani ya kavera mbili.

Na mto ukijaa, usijaribu. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukabeba madaraja na nyumba za watu. Maji yakipita juu ya daraja, hujui kama chini yake daraja bado lipo. Rudi. Siku moja ya kazi inarudishwa, mtu harudishwi.

Jua nalo lisidharauliwe. Kwenye tambarare ya Kasese mchana kichwa kinauma kabla ya kujua kwamba una kiu. Beba maji, toka mapema.

Baadhi ya familia zetu zimepelekwa nchi za baridi, na zinatuandikia kwamba kule watu wanapanda baiskeli ndani ya theluji. Ni kweli. Mji wa Oulu nchini Finland unajulikana kwa jambo hilo. Wanasafisha njia za baiskeli, wanawasha taa, wengine wanaweka matairi yenye misumari midogo ili wasiteleze kwenye barafu. Basi wewe unayengoja safari, usidhani ujuzi wako wa baiskeli utaisha uwanja wa ndege. Lakini kumbuka: Finland, Kanada, Marekani na Norway ni kulia. Australia na Uingereza ni kushoto. Uliza kabla ya kupanda!

Na mabinti?

Kuna wazee wanaosema msichana hapandi baiskeli, ni aibu. Tunawaheshimu wazee wetu. Lakini tuulizane kwa upole: binti anayetembea saa moja na nusu kwenda shule, halafu anarudi na giza, nani anafurahi? Mama anayepeleka mtoto mgonjwa, akikuta baiskeli ukutani na hajui kuipanda, baiskeli ile imemsaidia nini? Baba, mfundishe binti yako uwanjani Jumapili jioni. Hatapoteza heshima yake, ataipata.

Kitambaa chekundu

Mtasema, na yule kijana? Mkono ulipona. Siku plasta ilipotoka alikata kipande cha kitenge chekundu cha mama yake, akakifunga kwenye mshiko wa kushoto wa usukani. Nikamuuliza cha nini. Akanijibu, "Mjomba, kichwa kinasahau. Macho yataona."

Tangu siku hiyo, kila mgeni aliyekuja kukaa karibu nasi na kuazima baiskeli, alimfungia kitambaa hicho kwanza, ndipo anampa pampu. Sisi tumeendelea nayo mpaka leo. Ukipata nafasi jioni hii, kata kitambaa kidogo, funga kwenye baiskeli ya nyumbani kwako, na uwaite watoto uwaambie ni cha nini.

Muendeshe salama. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.